Maelezo ya Wakhungu Mukhwana Kuhusu Meza Namba Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Kitale
Tarehe: 16 Juni 2025, Jumatatu
Saa: Nne na dakika kumi asubuhi
Jina: Wakhungu Mukhwana
Umri: Miaka 54 kwa kitambulisho. Mama yake alisema ni zaidi.
Kazi: Mkulima, na mwenye mashine ya kupukuchua mahindi
Elimu: Darasa la sita
Makao: Kimilili, Kaunti ya Bungoma
Anayeandika: Konstebo Kimaiyo

Mimi ndiye Wakhungu mwenyewe, na Kimilili hakuna Wakhungu mwingine mwenye mashine. Ninayosema hapa nasema kwa hiari yangu. Sijatishwa, sijaahidiwa kitu, hata chai niliyokunywa nje ya kituo nimejinunulia.

Kabla sijafika kwa huyu mtu aliyejiita Kapteni, ni lazima nieleze meli, kwa sababu bila meli hamtaelewa kesi. Mnamo mwezi wa pili mwaka 2023 kampuni moja ya mbegu ilitoa zawadi kwa mkulima aliyeshinda wote upande wetu, na mkulima huyo nilikuwa mimi. Mahindi yangu msimu ule yalikuwa marefu mpaka kunguru walikuwa wanapumzika katikati kabla ya kufika juu. Afisa ameniuliza kama hilo pia liandikwe. Nimesema liandikwe.

Zawadi ilikuwa siku nne ndani ya meli ya watalii, kutoka Mombasa kwenda Zanzibar na kurudi. Meli hiyo ukiileta kwetu, kichwa kikae soko ya Kimilili, mkia utafika Kamukuywa. Jioni ya kwanza, saa moja kamili, niliingia mahali pa kula. Nilitafuta meza tupu nikae pembeni na adabu zangu. Mhudumu akaniambia hapana mzee, hapa mtu hachagui. Unapewa namba, unakaa na watu usiowajua. Nikapewa meza arobaini na moja. Nilikuta watu watano: mama Mjerumani aliyefiwa na bwana, mzee Mhindi na bibi yake, na Wazungu wawili vijana waliooana juzi. Wote wanatazama sahani. Hakuna anayeongea. Nikasema moyoni, sasa hii ni matanga ya nani?

Nikazunguka meza, nikasalimia kila mtu kwa mkono, nikauliza kila mtu ni wa ukoo gani. Yule mama akasema yeye hana ukoo. Nikampa wangu papo hapo. Siku ya pili tulikuwa tunacheka mpaka watu wa meza ya jirani wakaomba kuhamia kwetu. Siku ya nne hakuna aliyegusa kijiko mpaka nifike. Na hiyo ni kwa Kizungu cha darasa la sita, bana.

Afisa ameniambia nirudi kwa Kapteni. Narudi. Lakini hiyo habari ya meza nimeisimulia Kimilili miaka miwili, kwa mashine, kwa kinyozi, kwa harusi. Na aliyekuwa anaisikiliza kuliko wote ni Nekoye, mtoto wa dada yangu Nabwile. Ana miaka ishirini na mbili, anauza dawa kwa duka la dawa hapo mjini. Ananiita khocha, ndiyo mjomba kwetu. Alikuwa ananiuliza, "Khocha, na wale wanaobeba sahani ni watu wa wapi?" Nikamwambia wa kila pahali. Akasema, "Hata Kimilili?" Nikasema, kwa nini isiwe Kimilili. Naomba hilo liandikwe vile nimesema.

Jumamosi tarehe 24 Mei 2025, saa nane mchana, kulikuwa na mkutano kwa ukumbi wa kukodi Kimilili. Aliyeita mkutano ni kijana wa miaka kama thelathini na tano, koti ya bluu yenye vifungo vya dhahabu, anajiita Kapteni Ian wa Mawimbi Tisa Agency. Alisema alizaliwa Nairobi, akalelewa Nairobi, na huku Bungoma hana hata binamu. Alisema amekuwa mkubwa wa wahudumu wa meza katika meli ya watalii miaka sita, na sasa anatafuta vijana wa kufanya kazi hiyo. Kila kijana alete pasipoti na vyeti vyake vya shule, avishike yeye mpaka siku ya safari.

Watu walikuwa wanasitasita. Ndipo mama mmoja akasimama kule nyuma kabisa mlangoni. Alisema anaitwa Mama Phelista, anatoka Myanga, na binti yake Phelista yuko baharini mwaka wa pili sasa kwa mkono wa Kapteni. Alisema, "Huyu kijana simjui. Namwona leo mara ya kwanza. Lakini mtoto wangu alimtoa kwa umaskini, Mungu ambariki." Watu wakapiga makofi. Kapteni naye akasema kutoka mbele, bila kumtazama, "Asante mama, salimia Phelista." Mlango na jukwaa viko mbali, kama hatua thelathini. Wakati huo sikuweka hiyo maanani.

Dada yangu Nabwile ni mjane na Nekoye ndiye mtoto wake wa pekee. Alinigeukia mbele ya watu akaniambia, "Wakhungu, wewe ndiye umeenda meli. Hii kitu ni ya kweli?"

Mimi nilisimama. Nilisema kwa sauti, "Meli iko. Mimi nimekula ndani yake." Nikakaa. Siku hiyo vijana kumi na mmoja waliandikisha majina, na Nekoye alikuwa wa kwanza. Wiki iliyofuata aliacha kazi ya dawa. Wazazi wengine wameniambia baadaye kwamba waliamua kwa sababu ya neno langu. Nilikuwa nimefurahi sana siku hiyo. Nilikunywa soda mbili.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Tuliambiwa tufike Kitale, ukumbi mmoja mtaa wa Matisi, saa tano asubuhi, tule chakula cha kuagana, kisha saa kumi jioni basi liwachukue vijana kwenda Mombasa. Wengi walikuwa wameshapeana pasipoti. Ya Nekoye ilichelewa kutoka, kwa hivyo alimpa Kapteni pale ukumbini saa tano na nusu. Nilimwona akiitia kwa mfuko wa ndani wa koti. Tulikuwa watu kama arobaini, vijana na jamaa zao, wengine Wabukusu wa Kimilili na Bungoma, wengine watu wa mlimani Elgon. Mmoja wao ni mzee Kipkosgei, ambaye binti yake Jepkorir alikuwa anaenda. Nilikuwa simjui kabla ya siku hiyo.

Niliona kitu kimoja kikanikera. Watu walikuwa wamekaa kijijikijiji. Watu wa mlimani meza yao, sisi meza yetu, kila mama amefunika mtoto wake kama kuku. Nabwile alikuwa amemshika Nekoye mkono. Nikamwendea Kapteni nikamwambia, "Kapteni, hawa watoto wanaenda kuhudumia meza za wageni. Si tuwaonyeshe vile inafanywa? Tupige namba, tuchanganye watu. Asikae mtu na mtu wake."

Akacheka, akasema, "Mzee, hiyo wataifunzwa Mombasa."

Nikasema, "Aa! Wewe umefanya miaka sita na mimi nimefanya siku nne. Kati yetu tunashindwaje?" Nilisema kwa sauti kubwa, watu wakasikia, wakaanza kucheka. Akasema, "Sawa, mzee wa meli. Endesha."

Afisa ameniuliza kama wakati huo nilikuwa nimemshuku. Watu wa Kimilili nimewaambia nilimshuku kutoka siku ya kwanza kwa sababu ya viatu vyake. Hapa nimeapa. Sikumshuku. Nilitaka tu watu waone ninajua meza.

Nilirarua karatasi za daftari, nikaandika namba moja mpaka sita, kila namba mara saba, nikatia kwa kofia yangu. Kila mtu akachota. Ilikuwa raha, afande. Wazee wanalalamika, vijana wanacheka, mtu anauliza, "Na kama sipendi meza yangu?" nami namwambia, "Baharini hakuna mlango wa nyuma!" Kapteni alichota meza tatu. Alivua koti, akalitundika kwa kiti, akakaa. Mimi pia nilichota tatu. Mzee Kipkosgei pia. Kuku na ugali na sukuma zikaletwa.

Mama Phelista alikuwa nje upande wa jikoni. Alikuwa ameletwa tena siku hiyo awatulize wazazi. Aliingia wa mwisho, saa saba na dakika ishirini. Nikampelekea kofia. Kulikuwa na karatasi chache zimebaki. Akachota, hajui kusoma vizuri, akanipa nimsomee. Nikasoma, "Tatu! Karibu kwetu, mama."

Nikatangulia, yeye akanifuata. Tulipofika kama hatua nne kutoka meza, sikusikia tena hatua zake nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amesimama, leso ameivuta mpaka ikafunika uso, amegeukia upande wa dirisha. Na nilipogeuka tena mbele, Kapteni alikuwa ameruka kutoka kwa kiti, kiti kimeanguka, sahani iko mkononi, na yeye ametazama ukuta. Ametazama ukuta kabisa, kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni.

Nikasema, "Mama, keti." Akasema chini ya leso, "Sina njaa." Nikasema, "Kapteni, rudi ukae, mgeni amefika." Akasema kwa ukuta, "Nitakula nikiwa nimesimama, mzee. Mgongo unaniuma."

Nikamchukua mama kwa kiwiko, polepole, nikamsogeza hatua moja. Kapteni naye, bila kugeuka, akasogea hatua moja mbali. Nikamsogeza ya pili. Kapteni akasogea ya pili.

Mzee Kipkosgei akaniuliza, "Wakhungu, hawa wanacheza nini?"

Nikamwambia, kwa sauti ambayo ilisikika mpaka jikoni, "Mzee, nyinyi watu wa mlimani mtatusamehe. Kwetu sisi, mtu na mama ya bibi yake hawashikani mkono. Hawakai karibu. Na kula meza moja hawali, hata nyumba ikiwaka moto. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa shamba la watu mpaka mwingine apite. Mtu anaweza kubadilisha jina na koti, lakini hiyo imeingia kwa mifupa. Sasa huyu kijana alisema alizaliwa Nairobi. Na huyu mama alisema hamjui. Mbona wanakimbiana kama mkwe na mkwe?"

Wamama wa Bungoma walikuwa wameshaona. Mmoja akashika mdomo.

Kapteni akasema, "Wacha ujinga, mzee. Ni mila za vijijini hizo, mimi sizijui."

Nikasema, "Vizuri! Basi ni rahisi. Geuka, umpe huyu mama mkono. Mkono tu. Ukimpa mkono, mashine yangu ya kupukuchua mahindi ni yako leo, na injini yake." Nikaweka funguo ya mashine katikati ya meza.

Mashine hiyo ndiyo inanilisha. Nabwile alipiga kelele, "Wakhungu, umerogwa?" Lakini mimi nilikuwa najua. Mnajua vile mtu anajua mvua iko nyuma ya mlima? Nilikuwa najua hivyo. Vijana wakaanza kuimba, "Mkono! Mkono! Mkono!" Kapteni aligeuka nusu. Alinyoosha mkono nusu tu, mpaka hapa, kwenye kiwiko. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyebeba magunia. Mama akarudi nyuma akagonga meza namba nne. Mkono wa Kapteni ukashuka. Akasema, "Nina homa."

Kipkosgei akasema, "Meza imemshika." Watu walicheka, lakini si cheko la furaha.

Nekoye aliondoka kwa meza yake, namba moja, akaja akapiga magoti mbele ya huyo mama. Hakuwa na hasira. Alimwambia, "Mama, mimi ni mtoto wa mtu. Saa kumi ninapanda basi na huyu. Niambie tu. Phelista ni nani kwake?"

Mama akasema, leso bado iko usoni, "Ni bibi yake. Yuko nyumbani Myanga. Ana mtoto wa miezi mitatu. Bahari hajaiona hata kwa kalenda." Akaanza kulia. Alisema aliambiwa aseme tu maneno machache, na kwamba hajui watoto wanapelekwa wapi. Alisema, "Nilipouliza, niliambiwa nisiulize."

Hapo nilishika meza. Nilikuwa nimemtazama Nekoye, na nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ya tarehe 24 Mei ikisema meli iko.

Kapteni alikimbia. Alitupa sahani akatoka mlango wa jikoni kwenda kwa gari lake, gari dogo jeupe lililokuwa limeegeshwa uani. Alikuwa ameshawasha. Mimi nilipita mlango wa mbele nikakaa juu ya boneti. Nina kilo mia moja na nne, na baada ya ugali ni zaidi. Gari lilinguruma, likalia, halikwenda. Afisa anasema Kipkosgei na wenzake watano walikuwa wamelisimamisha kwa kuweka jiwe mbele ya magurudumu. Sikatai kwamba jiwe lilikuwepo.

Saa saba na dakika hamsini Nabwile alipiga simu polisi. Saa nane na dakika ishirini walifika, Konstebo Sally na wenzake wawili, na gari moja. Walipekua gari la Kapteni. Chini ya gurudumu la akiba kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko pasipoti na vyeti. Konstebo Sally alisoma majina kwa sauti. Kila jina likisomwa, nyumba moja inapiga vigelegele. Jepkorir aliposomwa, Kipkosgei alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Zilisomwa kumi. Mfuko ukawa mtupu.

Nekoye hakusomwa.

Konstebo Sally alipindua mfuko. Akapekua tena viti. Akampekua Kapteni mwenyewe, mifuko ya suruali, soksi. Hakuna. Kapteni akatabasamu kidogo, akasema, "Hiyo sikupewa." Nabwile alikaa chini kwa changarawe. Mimi nilisimama pale, watu kumi wanafurahi karibu yangu, na dada yangu amekaa chini.

Kisha nikaona Kapteni amevaa shati tu. Koti alilivua mezani. Aliporuka kumkimbia mama mkwe wake aliliacha kwa kiti, na kiti kilianguka nalo, na watu wote waliofukuza gari wakalipita juu. Nilirudi ndani mbio. Lilikuwa chini ya meza tatu, limekanyagwa, lina sukuma kwa bega. Sikuligusa. Afande, andika hapo kwamba sikuligusa. Nilisimama juu yake nikamwita Konstebo Sally kwa sauti yangu ya mashambani, na yeye ndiye aliinama akatoa pasipoti kwa mfuko wa ndani, akaifungua, akasoma, "Nekoye." Nilipiga kelele. Sijui nilipiga kelele gani. Wanasema ilisikika stendi.

Kulikuwa na shida moja ya kupeleka washukiwa kituoni. Gari ni moja. Konstebo mmoja alimwambia mama apande nyuma, pale Kapteni alikuwa amekaa na pingu. Mama akasema, "Afande, nifunge jela miaka kumi, lakini hapo sipandi." Na Kapteni akasema ndani ya gari, "Afande, tafadhali, asipande." Mwishowe mama alipelekwa kwa bodaboda na Konstebo Sally. Nasema hilo kwa sababu mpaka dakika ile Kapteni alikuwa bado anasema hamjui.

Polisi walipoondoka tulibaki uani. Basi halikuja, na sidhani kama liliwahi kuwepo. Nilidhani watu watachukua watoto wao waende. Nilidhani pia kuna mtu ataniuliza juu ya neno langu la Kimilili. Nilikuwa nangoja. Niliona heri niseme mwenyewe, nikawaambia, "Niliposema meli iko, nilisema meli. Huyu mtu sikumjua. Nilipaswa kusema simjui." Nabwile aliingia ndani akachukua funguo ya mashine pale mezani, akarudi akaniwekea kwa mfuko wa shati, akaubonyeza kwa kiganja, akasema, "Kula, chakula kinapoa."

Kipkosgei akasema, "Kila mtu arudi kwa namba yake." Na walirudi. Hakuna aliyehama. Watu wa mlimani na watu wa Bungoma, meza sita, wakamaliza kuku na ugali mpaka mfupa. Watu walianza kuambiana koo zao. Kwa meza tatu nilisimulia habari ya Mjerumani mara mbili, kwa kuombwa. Meli yenyewe, kubwa vile ilivyo, haijawahi kuona chakula kama kile.

Kwa meza namba moja, Nekoye alikaa katikati ya wazee wawili ambao hakuwa anawajua asubuhi. Alikuwa anakula kwa mkono mmoja. Ule mwingine alikuwa ameulaza juu ya pasipoti, na hakuuondoa mpaka sahani zikatolewa.

Yangu yameishia hapo. Nimesomewa yote na Konstebo Kimaiyo polepole, nimerekebisha pale alipoandika kilo tisini, na nakubali kwamba ni maneno yangu na ni ya kweli.

Sahihi: W. Mukhwana

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Kimaiyo, kwa Kiswahili, lugha ambayo shahidi anaielewa. Yalianza saa nne na dakika kumi, yakaisha saa nane kasorobo. Habari za meli zimefupishwa kwa makubaliano na shahidi, baada ya mabishano. Pasipoti zote kumi na moja na vyeti vimeorodheshwa kama vielelezo. Mke wa mshukiwa amepatikana nyumbani Myanga na atahojiwa. Nekoye alikuja na shahidi na kungoja nje. Ameuliza pasipoti yake itarudishwa lini baada ya kesi, na ofisi gani ya serikali inayosajili mawakala halali wa kazi za melini. Nimemwandikia mahali pa kuuliza.